Baba hataki nisome lugha ya waliomchapa babu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 21, mzaliwa wa Newala. Nasoma uuguzi, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha jimbo la Massachusetts, Marekani. Sehemu ya ada inalipwa na ufadhili wa chuo, sehemu na baba mdogo ninayeishi kwake huku, na iliyobaki inatoka kwenye mikorosho ya baba. Natanguliza hilo la ada kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi.

Chuoni kwetu kila mwanafunzi lazima asome lugha moja ya kigeni. Nilichukua Kireno kwa sababu nafasi ilikuwepo na kipindi hakikugongana na maabara, basi. Mwezi Oktoba tukapelekwa mafunzo ya vitendo kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Fall River. Alikuwepo bibi mmoja mwenye asili ya visiwa vya Azores, vilivyo vya Ureno. Kumbukumbu zimemtoka, na Kiingereza kimemtoka pia. Asubuhi moja nilimkuta anauvuta mto wake huku analia: "A fronha, a fronha!" Wahudumu wakadhani shingo inamuuma, wakaanza kumkagua. Mimi nikasikia foronya. Kutazama mto, foronya imeloa chai chapachapa. Nikaleta nyingine nikambadilishia. Akanishika mkono, akakibusu kiganja changu, akalala.

Tangu siku hiyo Kireno kimenikaa moyoni. Mwalimu wangu anasema nikiongeza kozi tano nitahitimu uuguzi pamoja na fani ndogo ya Kireno na tamaduni za nchi zinazokizungumza. Nikampigia baba kwa furaha. Alinyamaza kwanza, halafu akasema: "Bibi yako alivuka Ruvuma usiku kutoka Msumbiji, mimi mgongoni, kwa sababu ya Wareno hao waliotawala kule. Babu yako walimchapa viganja mpaka akawa hashiki jembe. Leo korosho zangu zikalipie lugha yao?" Akakata simu. Bibi yupo hai, anaishi na baba, lakini sijathubutu kumgusia.

Baba mdogo naye anasema kama ni lugha, basi Kihispania, ndicho kinachotafutwa hospitalini. Rafiki yangu ananishauri nijiandikishe kimyakimya, baba atakuja kuona kwenye cheti siku ya mahafali. Mwisho wa kujiandikisha ni mwisho wa muhula huu. Nifanye nini?

Binti wa Newala

JIBU

Marahaba mwanangu,

Usijiandikishe kwa siri. Sisemi hivyo kwa kuogopa baba atakasirika, maana kukasirika ameshakasirika. Ukimficha, siku atakapogundua hatazungumza tena juu ya Kireno, atazungumza juu ya pesa za korosho zilizotumika nyuma ya mgongo wake, na hapo atakuwa na haki yote. Mzee anayesubiri mnada wa chama cha msingi ndipo atume ada anastahili kujua ada hiyo inasomesha nini.

Hesabu tuimalize upesi, kwa kuwa hoja yako kwa baba na kwa baba mdogo itasimama au itaanguka juu yake. Kozi tano kwa kawaida ni krediti 15, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Vyuo vingi vya huko hutoza ada ileile kwa mwanafunzi wa muda wote anayesoma krediti 12 mpaka 18, maana yake kozi inayoingia ndani ya kiwango hicho haiongezi hata senti. Waulize ofisi ya ada kama kwenu ni hivyo. Uliza pia kozi zipi za Kireno zinahesabika mara mbili, kwenye fani ndogo na kwenye masomo ya lazima ya chuo kizima, kama historia na fasihi. Huenda mbili kati ya tano zikapatikana kwa njia hiyo, na mzigo halisi ukabaki kozi tatu. Kisha chukua ratiba ya uuguzi mpaka mwaka wa nne, uweke alama mihula ya mafunzo hospitalini, uone hizo tatu zitakaa wapi. Mihula ile ni mizito, usiibebeshe kozi ya fasihi yenye insha kila wiki.

Kama hazikai, na itabidi uongeze muhula mzima, basi achana na cheti cha fani ndogo uchukue kozi mbili au tatu tu. Wewe ni mwanafunzi wa viza. Muhula wa ziada ni ada, ni kodi, ni kurudi ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuomba muda uongezwe kwenye fomu yako ya I-20. Kireno hakistahili kukucheleweshea mtihani wa leseni ya uuguzi. Pia usitegemee ule ufadhili mkubwa wa serikali ya Marekani wa kwenda kusoma lugha nje, huo ni wa raia wao.

Hayo yatosha. Sasa baba.

Kosa ambalo vijana wengi hufanya ni kumwambia mzee, "Baba, yale yamepita." Usithubutu. Kwa mtu wa Newala hayajapita. Ukisimama pale Shimo la Mungu jioni kukiwa hakuna ukungu, bonde lote la Ruvuma liko chini yako, na ng'ambo ni kwa bibi yako. Nadhani baba amesimama pale mara nyingi kuliko anavyokuambia.

Na alichokisema kuhusu viganja hakukitia chumvi. Kifaa kile kina jina katika Kireno, palmatória. Ni kibao kinene chenye mpini, mara nyingi kimetobolewa matundu, na kilitumika kuchapia viganja vya watu wazima mbele ya wake zao na watoto wao. Kaskazini ya Msumbiji watu walilazimishwa kulima pamba kwa bei iliyopangwa na wakubwa, na aliyeshindwa alichapwa au alipelekwa kazi za shokoa. Ndiyo maana Wamakonde wengi walikuwa wakivuka kuja kukata mkonge Tanganyika hata kabla ya vita. Tarehe 16 Juni 1960, watu walikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya serikali kusikiliza majibu ya madai yao. Viongozi wao wakakamatwa, umma ukapandwa na hasira, askari wakafyatua risasi. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Septemba 1964, vita vya ukombozi vikaanza kwa shambulio la mahali paitwapo Chai, hukohuko kaskazini, mkoa wa Cabo Delgado. Ninavyokadiria umri wa baba yako, safari ile ya usiku mgongoni ilikuwa katika miaka hiyo. Walipofika upande wetu walipokelewa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kule Rutamba, mkoani Lindi, palijengwa makazi ya wakimbizi.

Haya uyajue kabla ya kumpigia tena. Uyasome vizuri, kwa tarehe na majina ya mahali, na umwambie kwamba umeyasoma. Mzee akijua mtoto wake anaufahamu uzito wa kitu anachokiomba, husikiliza kwa sikio lingine.

Lakini kisa cha Kireno hakikuishia kwenye kile kibao, na sehemu inayobaki ilitokea kwetu.

Nilikuwa mtoto Dar es Salaam wakati FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ina makao yake pale. Chama hicho kiliundwa mjini humo tarehe 25 Juni 1962, na rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, alikuwa amesoma Marekani kama wewe, akapata udaktari wake chuo kikuu cha Northwestern, akafundisha Syracuse, kisha akaiacha kazi ile akarudi kuongoza vita. Tarehe 3 Februari 1969 aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, jijini kwetu. Nakumbuka watu wazima mtaani kwetu walivyozungumza kwa sauti ya chini siku nzima.

Sasa fikiria kambi ya Nachingwea, ambako wapiganaji wake walifundishwa. Anakuja Mmakonde kutoka Mueda, anakuja Mmakhuwa kutoka Nampula, anakuja Mchangana kutoka Gaza, kusini kabisa, alikotoka Samora Machel. Wengi wao hawasikilizani hata neno. Kiswahili wanakijua wa kaskazini, wa kusini hawakijui. Lugha iliyokuwa ikivuka kabila zote ilikuwa ile ya mtawala, wakaichukua. Walifundishana kuisoma na kuiandika wakiwa kwenye ardhi yetu, wakatolea amri za vita kwayo, wakaandikia magazeti yao kwayo. Uhuru ulipotangazwa tarehe 25 Juni 1975, ikawa lugha ya taifa lao. Hata huko Ureno, waliouangusha utawala ule wa kimabavu tarehe 25 Aprili 1974 walikuwa wanajeshi wao wenyewe, waliochoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau.

Sikupi haya ili umshinde baba kwa hoja. Baba hashindwi kwa simu, na ukimshinda utakuwa umepata nini? Nakupa ili ujue unachokisoma. Wenye kibao walinyang'anywa lugha ile, na walionyang'anya ni pamoja na ndugu za bibi yako.

Nikugeuzie swali. Binamu zako wa ng'ambo ya Ruvuma, wajukuu wa hao ndugu waliobaki, wanasoma shule kwa lugha gani? Kireno. Hati zao za hospitali ni Kireno, idhaa kuu ya redio ya taifa ni Kireno. Nyumbani wengi bado wanazungumza lugha zao, maana kwenye sensa ya 2017 ni kama mtu mmoja tu kati ya sita nchini Msumbiji aliyesema Kireno ndiyo lugha yake ya kwanza. Kwa hiyo Kimakonde chako kitakufikisha mlangoni kwao, na Kireno kitakusaidia kusoma dawa aliyoandikiwa shangazi. Hukusema kama Kimakonde unakijua. Kama hukijui, hilo nalo lifanyie kazi ukiwa na bibi bado.

Tangu Oktoba 2017 kuna mapigano Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia. Watu wamehama kwa maelfu mengi, wengine wamevuka tena Ruvuma kama alivyovuka bibi. Muuguzi mwenye leseni anayejua Kiswahili, Kimakonde na Kireno, ukanda ule, ni wa kutafutwa kwa taa. Sikwambii uende kwenye vita. Nakwambia mwambie baba jambo hili, kwa maneno yako, kwamba unaweza kuwahudumia watu wa mama yake kwa lugha iliyoandikwa kwenye faili zao.

Kwa baba mdogo jibu ni fupi zaidi. Nchi nzima ya Marekani ukiichukua, ana haki, Kihispania kinaongoza. Lakini wewe uko Massachusetts, ambako Kireno ni lugha ya tatu kwa wingi wa wazungumzaji, baada ya Kiingereza na Kihispania. Fall River na New Bedford zimejaa watu wa Azores, wengine walikuja baada ya volkano ya Capelinhos kulipuka kisiwani Faial mwaka 1957, Marekani ikapitisha sheria mahususi ya kuwapokea. Brockton ni Wakabovede, watu wa visiwa vya Cabo Verde, ambao wa kwanza wao kufika Marekani walikuja na meli za kuwinda nyangumi. Framingham ni Wabrazili. Na anayekijua Kireno vizuri huelewa Kihispania kwa urahisi kuliko mwenye Kihispania anavyoelewa Kireno. Mwambie baba mdogo unaanzia upande wenye mlima, mteremko utafuata.

Hapa nikuonye kitu kimoja kama muuguzi mtarajiwa. Ulichofanya na ile foronya kilikuwa kizuri, na nimekisoma mara tatu. Lakini foronya ni foronya. Siku mgonjwa atakapoeleza maumivu ya kifua, au kusaini kukubali upasuaji, usijifanye mkalimani kwa sababu una kozi tano. Massachusetts ina sheria ya tangu mwaka 2000 inayozitaka hospitali zenye idara ya dharura ziwe na wakalimani, nao wamesomea kazi ile. Mwite mkalimani, wewe baki karibu na kitanda. Ukitaka kuwa mmoja wao, hiyo ni njia nyingine yenye mitihani yake. Na jihadhari, mgonjwa wa Cabo Verde huenda hazungumzi Kireno nyumbani kabisa, bali Kriolu, ambayo ina mizizi humo lakini ni lugha nyingine. Muulize anayoipenda kabla hujaanza kumsemesha.

Kuhusu kozi zenyewe, usikubali zote tano ziwe za Lisbon. Nimeona programu ambako Afrika inapewa wiki mbili mwishoni, mwalimu akiwa amechoka. Soma orodha za vitabu kabla ya kuchagua. Lugha hii ni ya nchi sita za Afrika, nazo ni Angola, Msumbiji, Guinea-Bissau, Cabo Verde, São Tomé na Príncipe, na Guinea ya Ikweta iliyojiongezea. Iko Timor Mashariki. Iko Brazil, yenye watu wengi kuliko nchi nyingine zote hizo zikijumlishwa. Mwaka 2021 tuzo ya Camões, iliyo kubwa kuliko zote za fasihi ya Kireno, alipewa Paulina Chiziane wa Msumbiji, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Kama hayumo kwenye orodha ya kozi yoyote kati ya tano zako, mwombe mwalimu wako umwandikie insha juu yake.

Na kama kuna kozi ya Brazil, ichukue, wewe hasa. Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno waliuchukua kaskazini-mashariki ya nchi ile katika karne ya 16 wakauleta pwani zetu, na Wareno nao waliokota jina lake, caju, kwa Waindio wa Kitupi. Muhogo nao ulitoka hukohuko. Ada yako inatokana na mti uliovuka bahari pamoja na lugha hii, na baba anaupalilia kila mwaka bila kuuliza uliletwa na nani. Hilo usimwambie kwa simu. Mwambie ukija likizo, mkiwa shambani, naye akiwa amekaa.

Matamshi yatakupa tabu mahali utakapodhani pepesi. Wabrazili utawasikia haraka, kwa sababu huziachia irabu zao wazi kama sisi. Watu wa Ureno huzimeza, na wa Azores humeza kwa namna yao. Pau ni mti au gongo, na ni yuleyule pau wa kwenye karata, aliyekuja pamoja na kopa, uru, shupaza na turufu. Pão, yenye sauti ya puani, ni mkate. Avô ni babu, avó ni bibi, tofauti ni kufunua mdomo tu, na masikio yetu ya irabu tano hayaisikii mwanzoni. Jirekodi, jisikilize, rudia. Bibi wa Fall River atakusahihisha bila malipo, kama bado yupo na kama wenye nyumba watakuruhusu umtembelee.

Sasa, simu. Jumapili hii piga, na usimtafute baba, mwombe akupe bibi. Usimwambie habari za chuo kwanza. Mwombe akusimulie ule usiku wa kuvuka, ilikuwa mwezi gani, waliabiri mtumbwi wa nani, walimnyamazishaje mtoto asilie. Baba aliyekuwa mgongoni hakumbuki kitu, anachokijua chote amekipata kwa mama yake, na pengine kuna sehemu ambazo hajawahi kuzisikia. Weka simu kwenye spika na umwombe akae hapo naye asikilize. Bibi akimaliza, muulize kama kuna maneno ya Kireno anayoyakumbuka. Akiyataja, yaandike jinsi anavyoyatamka yeye. Ndipo umwambie wewe mwenyewe, baba akisikia, kwamba unataka kuisoma lugha hiyo, na kwa nini, na kwamba haitamwongezea ada, kama hesabu itakuwa imetoka hivyo.

Akikataa baada ya hapo, chukua kozi moja muhula ujao kama ya lazima, bila kutangaza fani ndogo, na umwambie kwamba umechukua moja. Pata ushauri wa maandishi chuoni kama dirisha la kujiandikisha hufunguliwa tena mwakani. Kwa vyuo vingi hufunguliwa.

Mshauri wa masomo mwone kabla ya Ijumaa, ukiwa na ratiba ya mihula yote minne iliyobaki mkononi, ili Jumapili uwe na jibu la ada kabla hujaulizwa.

Mwalimu